Tumelala kambini Natron na mama mkwe, upepo wa usiku ukang'oa hema. Huu upepo unatoka wapi?

#1 Baba Kulwa na Doto
Wakuu, salaam. Niko Buhongwa, nimerudi juzi kutoka Ziwa Natron na familia: mama watoto, mapacha wa miaka sita, binti wa kidato cha pili na mama mkwe wangu wa Magu. Tulifikia kambi moja nje ya kijiji cha Ngare Sero, jina silitaji. Ni kambi ya kawaida kabisa: mahema ya turubai, vitanda vya mbao, bafu la ndoo, choo cha shimo kilichozungushiwa matete, taa ya sola moja kila hema. Feni hakuna, friji hakuna, mtandao unashika ukipanda kilima. Hayo tuliyajua na ndiyo tuliyoyafuata.

Ambacho sikukijua ni upepo. Mchana kutwa hata jani halitikisiki, watoto wamejilaza chini ya mgunga hawataki kucheza. Jua linazama, bado kimya. Mnakula, mnasema afadhali sasa tutalala. Ikifika saa tatu au saa nne usiku unapita mmoja. Mnatazamana. Baada ya muda unapita wa pili, na kuanzia hapo ni kupigwa mpaka karibu na alfajiri, vumbi mpaka ndani ya masikio. Jua likichomoza unakatika ghafla kana kwamba kuna mtu kauzima. Usiku uliofuata ni hivyohivyo, saa zilezile. Usiku wa kwanza hema la mama mkwe liling'oka mambo zote, yaani vigingi, za upande mmoja.

Mpishi wa kambi akasema ni mlima, yaani Ol Doinyo Lengai. Dereva wa kundi jingine akasema ni ziwa. Mama mkwe ana lake, hilo naliacha kwanza. Mwenye kujua sababu atueleze, maana Mwanza tunao upepo lakini si wenye ratiba.

#2 Kijana wa Mabatini
Siti ya mbele. Kabla ya upepo, tueleze mama mkwe alihamia wapi hema lilipong'oka.

#3 Sangara Jike
Mimi nimeingia kwa ajili ya swali la #2. Upepo baadaye.

#4 Ticha Jiografia
Mkuu, ulichoeleza kinafundishwa darasani kila mwaka. Angalia ulikuwa umekaa wapi. Magharibi una ukuta wa Bonde la Ufa. Kusini una Lengai, mita 2,962, na nyuma yake nyanda za juu za Ngorongoro. Mashariki una Gelai, nao hauko mbali na mita 3,000. Ziwa lenyewe liko kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari. Jua likizama, miteremko ya juu inapoa upesi kwa sababu hewa ni kavu na mawingu hayapo, joto linapotea moja kwa moja angani. Hewa iliyogusana na miteremko inapoa, inakuwa nzito, inateremka bondeni. Inahitaji saa kadhaa kujikusanya, ndiyo maana hamkuisikia wakati wa chakula. Asubuhi jua linapiga miteremko, hewa inapata joto tena, mteremko unaisha. Huo ni upepo wa mlima. Mpishi wenu yuko sahihi.

#5 Baba Kulwa na Doto
Ticha, asante. Kwa #2 na #3: mama mkwe na mjukuu wake walihamia hema letu, mimi nikahamia kwenye gari. Tuendelee na mada.

#6 Kijana wa Mabatini
Hahaha, nacheka peke yangu kwenye daladala ya Igoma, watu wananiangalia. Kwa hiyo baba mwenye safari, aliyelipia mahema mawili, kalala kwenye kiti cha dereva!

#7 Mvuvi wa Ukara
Ticha, nakuheshimu, ila ziwa nalo lina sehemu yake. Huku kwetu usiku upepo unatoka nchi kavu unakwenda majini, mchana unarudi. Ndiyo maana radi za Ziwa Victoria zinapiga usiku wa manane na alfajiri katikati ya maji, pepo za pande zote zinakutana huko. Tumezaliwa tunaliona, wengine limewachukulia ndugu. Maji yanatunza joto, nchi kavu inapoa. Natron nako kuna maji. Dereva hajakosea.

#8 Mjukuu wa Guku
#7, linganisha vizuri. Victoria ina kilomita za mraba karibu 68,800 na kina kinachofika mita 80. Natron haifiki mita 3, na kiangazi sehemu kubwa inabaki ukoko wa magadi. Maji ya magotini yatatunza joto gani mpaka saa tisa usiku?

#9 Mvuvi wa Ukara
Hayo maji ya magotini yanapikwa na jua kutwa nzima, ndugu. Aliyeyagusa usiku atuambie kama yanapoa au hayapoi. Usipime kwa kitabu.

#10 Sangara Jike
Baba Kulwa, turudi kwenye gari. Kwa Wasukuma wa zamani ukimwona mkwe wako njiani unachepuka porini mpaka apite. Wewe umempeleka mkwe wako jangwani, choo kimoja, bafu moja la ndoo, turubai moja. Mlikuwa mnapishanaje?

#11 Baba Kulwa na Doto
Kwa zamu. Binti alikuwa mjumbe: bibi ameamka, bibi anakwenda bafuni, bibi amerudi. Mimi nilikuwa naanza kukohoa kutoka mbali. Siku ya pili mama mkwe mwenyewe akasema nisijitese, huku kwa wageni kila mtu ni mgeni. Ila kwenye gari nilirudi kulala vilevile.

#12 Mzee wa Kamanga
Umefanya la heshima, mwanangu. Wanaokucheka hawajaoa.

#13 Kijana wa Mabatini
Mzee shikamoo. Kweli sijaoa.

#14 Nesi wa Zamu
Niwatoe kwenye ukwe kidogo. Baba Kulwa, watoto walitoka damu puani? Nauliza kwa sababu shemeji yangu alikwenda huko huko na wanawe wote wawili wakatoka damu usiku, wakachanganyikiwa wakidhani ni ugonjwa.

#15 Baba Kulwa na Doto
Nesi umejuaje? Doto alitoka, usiku wa pili. Mama yake akamwinamisha nyuma, bibi akamwekea kitambaa cha maji utosini.

#16 Mpita Njia
Hiyo ni mwinuko. Mmepanda milimani, hewa nyepesi, mishipa ya pua inapasuka. Hata Kilimanjaro ni hivyo.

#17 Mjukuu wa Guku
#16, mwinuko upi? Ziwa Victoria liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Natron ni kama 600. Familia hii imeshuka zaidi ya mita 500. Ungekuwa mwinuko, sisi wa Mwanza ndio tungekuwa tunatokwa damu kila siku.

#18 Nesi wa Zamu
Sahihi, #17. Wengi wanasema vumbi la magadi linachubua pua, na upepo huo wa usiku kweli unalipeperusha. Mimi naona ukavu wa hewa unatosha peke yake. Mtoto wa Mwanza amezoea hewa yenye unyevu. Ukimpeleka kwenye hewa kavu, utando wa ndani ya pua unakauka, unapasuka, akijikuna kidogo tu damu hiyo. Dawa: mwinamishe mbele, si nyuma, bana sehemu laini ya pua dakika kumi bila kuachia ukichungulia. Kabla ya kulala mpake mafuta ya mgando kidogo tundu za pua.

Jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya niandike. Huko mtu anatokwa jasho lakini halionekani, linakauka kabla hujaligusa. Wengi wanarudi wakisema "joto kali lakini hatukutoka jasho". Mlitoka, tena sana. Msisubiri mtoto aseme ana kiu, angalia mkojo: ukiwa na rangi ya chai, mpe maji na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa: seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, iko juu sana huku kwetu. Mtoto mwenye seli mundu akipungukiwa maji anaweza kuingia kwenye maumivu makali, na pale Ngare Sero hospitali kubwa iko mbali. Kama hamjawahi kumpima mtoto, mpimeni kwanza. Kama anayo, zungumzeni na daktari wake kabla ya kulipia hema lolote.

#19 Mama Ntilie Kirumba
Nesi ubarikiwe. Wifi yangu anaye wa hivyo, nimemtumia bandiko lako.

#20 Ole wa Longido
Habari zenu watu wa samaki. Nimesoma kuanzia juu. Mimi nimekulia upande wa mashariki wa ziwa hilo. Ticha anasema upepo unatoka kwenye ukuta wa bonde. Sisi upepo mkubwa tunaujua unatoka mashariki, unapita kati ya Gelai na milima ya kusini. Boma tunalijenga tukijua hilo. Nyumba zetu ni fupi, mlango mdogo, ukuta wa udongo na samadi, ndani hakuna vumbi. Kambi za wageni zinageuza mlango wa hema ulikolala mlima ili watu wapige picha wakiwa kitandani. Baba Kulwa, mlango wa hema la mama mkwe uliangalia wapi?

#21 Baba Kulwa na Doto
Uliangalia Lengai. Na ndiyo, alipiga picha akiwa kitandani.

#22 Mjukuu wa Guku
Ole amenipa nguvu. Mnaujua ule mchanga mweusi unaohama karibu na Oldupai? Ni majivu ya Lengai hayohayo, tuta lenye umbo la mwezi mwandamo linalosogezwa na upepo kama mita 17 kwa mwaka. Na linasogea kwenda magharibi. Maana yake upepo wenye nguvu maeneo yale unatoka mashariki. Hakuna cha hewa nzito kuteremka hapo.

#23 Ticha Jiografia
#22, tuta hilo liko juu kwenye tambarare, ng'ambo ya nyanda za juu za Ngorongoro. Natron iko chini bondeni. Upepo wa mashariki upo, ndio upepo mkuu wa ukanda huu, sijaukataa. Lakini upepo mkuu hauna saa. Baba Kulwa kasema mchana ni kimya na usiku ni kupigwa. Nielezeni saa hizo.

#24 Ole wa Longido
Saa hizo unazisemea wewe. Kuna miezi mchana nao unapiga mpaka mbuzi wanageuza mgongo.

#25 Dereva Mstaafu
Wakuu, mmenikumbusha mbali. Mimi njia hizo nilizipita 2011, wakati wa kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo pale Samunge. Nilikuwa napeleka abiria kutoka Mwanza, tunaingia Serengeti geti la Ndabaka, tunatokea Klein's, Waso, kisha Samunge. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita, watu wanalala ndani ya gari siku kwa siku, wagonjwa, wazee, watoto. Kikombe chenyewe shilingi 500. Ninachotaka kusema: kule juu Samunge usiku tuliomba blanketi, na upepo haukuwa wa ajabu. Mara moja nilishuka na mzungu mmoja mpaka Natron, usiku huohuo nikalala bila shati na upepo ukanipiga. Hewa ya baridi iko juu, joto liko chini, umbali si mkubwa. Mimi namuunga mkono Ticha.

#26 Sangara Jike
Dereva, na wewe ulikunywa kikombe?

#27 Dereva Mstaafu
Nilikunywa. Foleni ilikuwa imeshanifikisha mbele, ningefanyaje?

#28 Mzee wa Kamanga
Mke wangu alikwenda. Mungu amrehemu Babu, alifariki 2021. Tusiyafungue hayo hapa, uzi utahamishwa jukwaa.

#29 Fundi Turubai Nyakato
Nashona maturubai ya malori na mahema ya harusi, naomba nafasi. Mnabishana upepo unatoka wapi, hamjauliza kwa nini liling'oka hema moja tu. Pale chini ni majivu ya volkano. Lengai ulilipuka vibaya kuanzia 2007 mpaka 2008, na kabla ya hapo ulishamwaga majivu mara nyingi. Udongo wa majivu haushiki mambo hata uwe na nyundo ya kilo tano. Mambo ya chuma, nyembamba, ya kununuliwa dukani, inateleza na kutoka. Pale unatakiwa ujaze sandarusi mchanga, ufunge kamba katikati, uzike chini kwa kina cha mkono, kamba itoke kwa mlalo. Au jiwe kubwa. Upepo wenyewe huenda ni wa kawaida tu, kambi ndiyo haikufungwa.

#30 Baba Kulwa na Doto
Fundi, asubuhi yake vijana wa kambi walileta mawe wakaweka juu ya kila kamba. Usiku wa pili halikung'oka, na upepo ulikuwa uleule.

#31 Fundi Turubai Nyakato
Kesi imefungwa.

#32 Kijana wa Mabatini
Haijafungwa. Mama mkwe ana maelezo yake, bandiko namba 1 umesema "naliacha". Lete.

#33 Baba Kulwa na Doto
Haya. Mama mkwe alisema tumeingia mahali pa watu bila kubisha hodi. Tumeshuka kwenye gari, watoto wanapiga kelele, tumepika, tumelala, hakuna aliyesalimu wenyeji. Na kwa wenyeji hakuwa na maana ya wanakijiji. Asubuhi, kabla vijana hawajaleta mawe, alikwenda chini ya mgunga akamwaga maji kidogo, akasema maneno yake ya Kisukuma ambayo mimi mkwe si wa kuyasikiliza. Usiku hema lake halikuguswa. Kwa hiyo Fundi ana mawe yake na mama mkwe ana maji yake, na vyote vilifanyika asubuhi moja.

#34 Mpita Njia
Mwaka huu bado tunaamini hayo?

#35 Ole wa Longido
#34, taratibu. Kwetu huo ni Mlima wa Mungu, jina lake lenyewe linasema hivyo. Watu wanakwenda chini yake kuomba mvua, wanawake wanakwenda kuomba watoto. Mama huyo ametoka ng'ambo ya Serengeti na ameonyesha adabu kuliko wageni wengi ninaowaona na kamera. Mimi sijasema upepo unasikia maji. Nimesema ana adabu.

#36 Mzee wa Kamanga
Umesema vyema.

#37 Ticha Jiografia
Baba Kulwa, hukututajia mwelekeo. Ulikuwa unavuma kwenda wapi? Hilo lingemaliza nusu ya ubishi.

#38 Baba Kulwa na Doto
Binti alifunga kipande cha kanga kwenye tawi la mgunga, wazo lake mwenyewe. Ulipoanza kanga ilielekea ziwani, yaani kaskazini. Nilipoangalia tena kwa tochi usiku wa manane ilikuwa inazunguka, mara huku mara kule. Kuelekea alfajiri ilielekea ukuta wa bonde, magharibi.

#39 Ticha Jiografia
Mwanzo ilielekea ziwani! Hewa inateremka kutoka Lengai. Nilisema.

#40 Ole wa Longido
Alfajiri ilielekea magharibi! Upepo wa mashariki. Nilisema.

#41 Mvuvi wa Ukara
Kwenda ziwani usiku, kama kwetu kabisa. Na mimi nilisema.

#42 Sangara Jike
Huyo binti mpelekeni sayansi. Nyie wengine mnaokota kila mtu kipande chake cha kanga.

#43 Mama Ntilie Kirumba
Mimi nauliza chakula. Mlipika wenyewe au kambi? Na maji ya kupikia yalitoka wapi?

#44 Baba Kulwa na Doto
Kambi ilipika jioni, asubuhi na mchana tulijitegemea. Mama mkwe alibeba michembe na matobolwa (vyote viazi vitamu vya kukausha), karanga na dagaa wa kukaanga, na ndivyo vilivyotuokoa, maana mkate uliotoka dukani ulikauka ukawa wa kusaga. Michembe haijui joto. Maji ya kunywa tulibeba madumu kutoka Mto wa Mbu, ya kupikia yalikuwa ya kambi. Maharage yaliiva upesi mpaka nikashangaa.

#45 Mama Ntilie Kirumba
Wala usishangae, hayo maji yana magadi yake ndani. Sisi tunanunua magadi tutie kwenye maharage, wao yanatoka ardhini. Ila rangi ya maharage inakuwa nyeusinyeusi na utamu unapungua, sivyo?

#46 Baba Kulwa na Doto
Ndivyo. Na mboga ya majani ikawa kijani ya kupindukia, laini mno.

#47 Nesi wa Zamu
Kupikia mara chache si neno, kunywa kila siku ndiyo tatizo. Maji mengi ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, mmeona meno ya kahawia ya watu waliokulia upande wa Arusha. Siku chache za mgeni hazitaharibu meno, lakini bebeni maji yenu hasa kwa wadogo. Na kuchemsha hakuondoi floridi, msije mkadanganyana.

#48 Mtu wa Lamadi
Watoto waliogelea? Wangu ukiwapeleka mahali pana neno "ziwa" wamevua nguo.

#49 Baba Kulwa na Doto
Natron si ya kuogelea. Doto alikimbilia ukingoni akakanyaga tope, alikuwa na mkwaruzo mguuni, akapiga kelele mpaka ndege heroe wakaruka. Tukamwosha kwa maji ya kunywa, bibi analalamika maji yanaisha. Mahali pa kuoga ni maporomoko ya Ngare Sero, unatembea ndani ya korongo, maji hayana chumvi na ni ya baridi. Hapo ndipo mapacha walifurahi safari nzima. Heroe wenyewe tuliwaona wengi, ila kwa mbali. Binti alitaka kuona viota.

#50 Mjukuu wa Guku
Viota havifikiki, na ndiyo sababu wanazalia pale. Wanajenga vichuguu vya tope katikati ya ziwa, fisi na mbweha hawawezi kuvuka magadi yale. Karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki wanaanguliwa Natron. Hao unaowaona Bogoria au Manyara ni wazaliwa wa huko.

#51 Mvuvi wa Ukara
Na mapacha hawakuuliza kwa nini ziwa halina mtumbwi?

#52 Baba Kulwa na Doto
Kulwa aliuliza saa ya kwanza. Na dagaa wanauzwa wapi.

#53 Mpita Njia
Samahani, ila mnaita jangwa na kambi ya jangwani. Natron si jangwa. Jangwa ni chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Natron ni nusu jangwa, na Tanzania haina jangwa. Mkitaka jangwa nendeni Chalbi kule Marsabit, Kenya.

#54 Sangara Jike
#53, mama mkwe kalala na vumbi kwenye masikio. Kampimie milimita.

#55 Kijana wa Mabatini
Nyota je? Nimesikia huko anga ni ya ajabu. Na nataka kupanda Lengai.

#56 Baba Kulwa na Doto
Kabla upepo haujaanza, nyota ni nyingi mpaka mapacha waliacha kuuliza katuni. Siku zetu mwezi ulichelewa kutoka, tukabahatika.

#57 Mvuvi wa Ukara
Hilo niulizeni mimi. Wavuvi wa dagaa tunaingia majini usiku wa giza, mbalamwezi tunapumzika, taa haivuti dagaa mwezi ukiwaka. Mkitaka nyota, ondokeni Mwanza mitumbwi ya dagaa inapoingia kazini. Mkiona taa zimejaa majini usiku, pakieni mizigo.

#58 Ole wa Longido
Lengai si mlima wa watoto. Unaanza saa tano au sita usiku ili ufike kileleni alfajiri kabla ya jua, mteremko mkali, majivu yanateleza chini ya mguu. Na ule mlima ni hai. Lava yake ni ya aina ambayo hakuna volkano nyingine hai duniani inayoitoa leo, haina joto la lava ya kawaida, ni kama nyuzi 500 hadi 600, inatoka nyeusi na ikikauka inakuwa nyeupe. Wageni wanaona nyeupe wanadhani theluji. Kijana, nenda na kiongozi wa kijijini, uvae buti, na uulize kwanza hali ya mlima.

#59 Kijana wa Mabatini
Sawa mkuu. Nyayo za watu wa kale nazo ziko hapo?

#60 Mjukuu wa Guku
Ziko Engare Sero, ndiyo Ngare Sero hiyohiyo, nyayo zaidi ya 400 kwenye majivu yaliyogeuka mwamba, kusini mwa ziwa. Wataalamu wanazikadiria kati ya miaka 5,000 na 19,000. Zisichanganywe na zile za Laetoli, za Laetoli ni za miaka milioni 3.6. Na njiani kwenda Natron kuna magofu ya Engaruka, mifereji ya mawe ya wakulima wa karne zilizopita. Ukiwa na mwanafunzi wa sekondari, hayo yanamfaa kuliko kulala mchana kwenye hema.

#61 Baba Kulwa na Doto
Tulisimama Engaruka. Binti alipenda, mapacha waliuliza wale watu walikuwa wanakula nini bila dagaa.

#62 Mtu wa Lamadi
Barabara sasa. Mlipita wapi? Mimi naona Ndabaka ni karibu, kilomita kama 140 kutoka Mwanza uko getini.

#63 Baba Kulwa na Doto
Kwenda tulizunguka kwa lami: Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, Makuyuni, Mto wa Mbu. Zaidi ya kilomita 700, tukalala njiani kwa ajili ya bibi. Baada ya Mto wa Mbu ni vumbi, mawe na korongo. Na vizuizi vya ushuru vya hapa na pale, kila kimoja na risiti yake, tunzeni zote mpaka mtoke.

#64 Dereva Mstaafu
Kupitia Serengeti ni karibu kwa ramani, ila unalipia kiingilio cha kila mtu na gari, na ndani ya hifadhi huruhusiwi kuendesha usiku, kwa hiyo ukichelewa Seronera umelala. Ukitoka Klein's kuna kipande cha Waso hadi Sale chenye lami, watu wa 2011 wangelia kukiona. Kisha unateremka ukuta wa bonde, hapo breki ziwe nzima. Na masika usijaribu ukanda wa magharibi, udongo mweusi wa upande wa Grumeti unameza gari mpaka mlangoni.

#65 Kijana wa Mabatini
Noah inafika?

#66 Dereva Mstaafu
Noah itafika Mto wa Mbu.

#67 Fundi Turubai Nyakato
Na spea tairi ziwe mbili. Mawe ya volkano yanakata ubavu wa tairi, hapo hakuna pancha ya kuziba.

#68 Ticha Jiografia
Kabla uzi haujafa: atakayekwenda mwakani abebe vipimajoto viwili, kimoja akitundike kambini, kingine juu ya ukuta wa bonde, aandike kila saa. Na kanga isitumike moja, ziwe tatu.

#69 Ole wa Longido
Ticha njoo mwenyewe. Utalala bomani kwetu, usiku utasoma vipimo vyako ndani, vumbi halitakugusa.

#70 Ticha Jiografia
Likizo ya Juni. Naweka sahihi hapa.

#71 Mvuvi wa Ukara
Mkienda, gusa na yale maji usiku wa manane, Ticha. Mkono tu. Uje uniambie ni ya moto au ya baridi.

#72 Mama Ntilie Kirumba
Na mimi niletewe magadi, ya huko huko, si haya ya sokoni yaliyochanganywa na sijui nini. Ole, debe linauzwaje?